Buu na Nuru

Fungu letu la leo latoka katika Injili ya Yohana, mlango wa 3, mstari wa 1 hadi wa 21.

Liko jaribio dogo la sayansi ambalo tulialikwa kulitazama pamoja na watoto wa shule ya msingi. Mwalimu alichukua boksi la viatu, akafunika nusu yake kwa kadibodi na kuiacha nusu ya pili wazi, karibu na dirisha. Katikati akaweka mabuu 10 wa nzi, wale wadudu weupe waonekanao katika nyama iliyooza. Tukangoja dakika 5. Watoto walipohesabu, karibu wote walikuwa wamejikokota hadi gizani. Mtoto mmoja akasema labda wanaupenda upande ule wa boksi. Mwalimu akahamisha kifuniko. Mabuu wakageuka, wakalifuata giza. Watoto wakawarudisha nuruni kwa kijiti, nao wakageuka tena.

Sababu ipo. Ngozi ya buu ni laini. Juani hukauka upesi, tena ndege humwona. Gizani ndiko kwenye usalama wake na chakula chake.

Lakini baada ya siku chache mdudu huyo huyo hutulia. Ngozi yake huwa ngumu, yenye rangi ya kahawia, naye huwa pupa. Ndani ya ganda hilo, pasipo mtu kuona, huumbwa upya. Akitoka ana mabawa, na kila jicho lake lina maelfu ya vijicho. Mfungie chumbani, naye ataruka kuelekea dirishani. Hakusukumwa ili aipende nuru. Amebadilika.

Kweli, buu hatendi dhambi, wala nzi si mtakatifu. Kila mfano una mpaka wake. Hata hivyo, mfano huu watusaidia kumwelewa Nikodemo. Mtu huyu mkubwa, mwalimu wa Israeli, alimjia Yesu usiku. Bwana hakumwambia arudi mchana, wala hakuwaita watu waje wamtazame. Alimpokea usiku ule ule, akamweleza wazi kwamba ni lazima azaliwe mara ya pili. Hakumficha ukweli, wala hakumwaibisha.

Tukiendelea kusoma, katika mlango wa 7 twamwona Nikodemo akimtetea Yesu mbele ya wakuu wenzake. Katika mlango wa 19 Yesu amekwisha kufa msalabani, naye Nikodemo anakuja na manemane na uudi, yapata ratili 100, ili kumzika. Mzigo wa namna hiyo haufichiki.

Wapenzi, hata katika makanisa yetu wako wajao usiku. Ni mlevi asimamaye nje ya dirisha ibada ikiendelea. Ni msichana mwenye mimba aogopaye macho ya akina mama. Ni mzee wa kanisa mwenye deni ambalo mkewe halijui. Ni rahisi kuchukua kijiti: kumsukuma mtu, kumtaja mbele ya watu, kumkalisha viti vya nyuma, kisha kushangaa akipotea kabisa. Kijiti hakimzai mtu mara ya pili. Hiyo ni kazi ya Roho Mtakatifu. Kazi yetu ni kumfungulia mlango apigapo hodi usiku, kumwambia ukweli kwa upole, na kumngoja.

Nawe uliye gizani leo, usingoje mpaka upate ujasiri wa mchana. Njoo na hofu yako hivyo hivyo. Bwana yu macho.

Tuombe. Ee Mungu Baba, uliyeumba nuru, tuzae upya kwa Roho wako. Uwapokee wanaokujia usiku huu, na utufundishe sisi kuwapokea kama ulivyotupokea. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.