Baada ya Upepo Kutulia: Nyumba ya Mkristo na Tufani za Pwani

Mhadhara uliotolewa katika semina ya familia, wakati wa maadhimisho ya Jubilei ya Miaka 100 ya Usharika



Utangulizi

Usharika unapotimiza miaka mia moja, desturi ni kuhesabu wachungaji waliohudumu, majengo yaliyojengwa, na watu waliobatizwa na kupata Kipaimara. Hesabu hiyo ni njema nayo ina mahali pake katika kitabu hiki. Lakini usharika uliopandwa kando ya Bahari ya Hindi una hesabu nyingine isiyoandikwa katika madaftari ya ofisi, nayo ni hesabu ya pepo. Ndani ya miaka hii mia moja, kimbunga kiliipiga Lindi mwezi Aprili 1952, na kingine, kilichoitwa Hidaya, kilifika kisiwani Mafia tarehe 4 Mei 2024. Kabla ya miaka hiyo, tarehe 15 Aprili 1872, tufani kubwa iliipiga Unguja na mrima wa Bagamoyo.

Vimbunga ni wageni wa nadra katika pwani ya Tanzania. Mzunguko wa dunia, ambao huufanya upepo wa bahari ujizungushe na kuwa kimbunga, ni dhaifu karibu na Ikweta. Kwa sababu hiyo vimbunga vingi vya bahari hii huelekea Madagaska na Msumbiji. Hata hivyo, nadra hiyo yenyewe ina hatari yake. Jambo linalokuja mara moja katika umri wa mtu husahauliwa na watoto wake, na watoto hao hujenga tena palepale babu yao alipobomolewa.

1. Tufani ya mwaka 1872

Watu wa Unguja walikuwa hawajakauka machozi ya kipindupindu cha mwaka 1869 na 1870 ilipowajia tufani hii. Merikebu za Sultani Barghash bin Said zilivunjika, na majahazi mengi yakaangamia. Mikarafuu na minazi ya Unguja iling'olewa kwa wingi. Pemba ilisalimika kwa sehemu kubwa. Mkarafuu huchukua miaka saba au minane kabla ya kuzaa vizuri. Kwa hiyo upepo wa siku moja ulikuwa umekula mavuno ya miaka mingi. Tangu hapo Pemba ikawa shamba kuu la karafuu, na Unguja haikuirudia nafasi yake ya kwanza.

Katika habari hii liko jambo ambalo Kanisa halipaswi kulipita upesi. Bei ya karafuu ilipopanda, wenye mali walikimbilia kupanda mikarafuu mipya Pemba, na kazi hiyo ilihitaji mikono mingi. Mikono hiyo ilikuwa ya watumwa. Mjumbe wa Uingereza, Sir Bartle Frere, alipofika Unguja mwezi Januari 1873 kudai biashara ya watumwa ikomeshwe, Sultani alijitetea kwa kusema kwamba tufani ilikuwa imekwisha kuiangamiza nchi, na kwamba kuifunga biashara hiyo kungekuwa maangamizi ya pili. Mkataba ulitiwa sahihi tarehe 5 Juni 1873, baada ya vitisho vya manowari, na soko la watumwa likafungwa. Lakini utumwa wenyewe uliendelea kuwa halali Unguja na Pemba hadi mwaka 1897.

Upepo uliyaangusha mashamba ya tajiri, na aliyetumwa kuyasimamisha upya alikuwa mtumwa. Tufani haikumwuliza mtu cheo chake ilipovuma. Wanadamu ndio walioamua, baada ya upepo kutulia, ni nani atakayebeba mzigo wa hasara.

Upande wa mrima, kituo cha mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu pale Bagamoyo, kilichoanzishwa mwaka 1868 na kuwapokea watumwa waliokombolewa, kilibomolewa na tufani hiyohiyo. Mapadre hao na watu wao walianza kujenga upya. Mwezi Februari 1874 Chuma, Susi na wenzao walipoufikisha Bagamoyo mwili wa David Livingstone baada ya safari ndefu kutoka bara, walikikuta kituo hicho kimesimama, na mwili ukapokelewa hapo. Hivyo tufani moja ilizaa aina mbili za kujenga upya, na vizazi vilivyofuata vimeachiwa kuchagua kielelezo.

2. Kabla ya upepo: kulisikia onyo

Watu wa mwaka 1872 walikuwa na mawingu na rangi ya bahari tu vya kuwaonya. Watu wa leo wana Mamlaka ya Hali ya Hewa, redio na simu. Kimbunga Hidaya kilipokaribia, tahadhari zilitangazwa mapema na safari za boti kati ya Dar es Salaam na Unguja zikasimamishwa. Kimbunga chenyewe kilipungua nguvu kilipofika nchi kavu.

Hapo ndipo moyo wa mwanadamu hujaribiwa. Mwezi Aprili 2019 watu wa Mtwara waliokaa mabondeni waliagizwa kuhama kwa sababu ya kimbunga Kenneth. Tarehe 25 kimbunga hicho kiliingia kaskazini mwa Msumbiji, ng'ambo ya Ruvuma, na Mtwara ikaokoka. Wako waliosema kwamba walisumbuliwa bure. Nabii Yona naye alikasirika alipoona kwamba jambo alilolitangaza juu ya Ninawi halikutokea. Akaketi nje ya mji akinung'unika, badala ya kumshukuru Mungu kwa ajili ya watu wale. Onyo lisilofuatwa na maafa halikuwa uongo. Asiyependa kuhama mara mbili kwa kushukuru huenda akahama mara moja kwa kulia.

Wako pia wanaosema kwamba kuhama nyumba ni kukosa imani. Dkt. Martin Luther alilijibu jambo linalofanana na hili mwaka 1527, tauni ilipoingia Wittenberg. Katika waraka wake kwa mchungaji Johann Hess alifundisha kwamba kuyaokoa maisha si dhambi, mradi jirani asiachwe bila wa kumhudumia, na kwamba anayedharau dawa na kujitupa hatarini anamjaribu Mungu. Yeye mwenyewe alibaki mjini kuwahudumia wagonjwa. Kwa hiyo anayehama nyumba ya bondeni na ahame kwa amani, lakini asimwache bibi kizee wa nyumba ya pili.

3. Usiku wa upepo

Kwa wale watakaobaki nyumbani kwa sababu nyumba ni imara na mahali ni pa juu, maandalizi ni kazi ya mikono. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mabati yakaguliwe na misumari iongezwe. Bati moja lililolegea huupa upepo mlango wa kuingia na kuling'oa paa zima, kisha likaruka kama panga. Matawi makavu yaliyo juu ya nyumba yakatwe. Ngalawa na mitumbwi ivutwe mbali na maji. Maji ya kunywa yahifadhiwe katika vyombo vyenye mifuniko. Unga, dawa za wagonjwa, tochi na vyeti vya familia viwekwe pamoja ndani ya mfuko usiopenya maji. Upepo ukianza, watu wote wakae katika chumba cha ndani, mbali na madirisha, na moto wa jikoni uzimwe.

Liko jambo moja ambalo limewaua watu wengi mahali pengi. Katikati ya kimbunga kikubwa kuna jicho, nalo ni eneo la utulivu. Jicho likipita juu ya nyumba, upepo hukoma ghafla na pengine anga hufunguka. Watu hutoka nje kutafuta mabati yao na kuangalia mashua. Kisha, baada ya dakika chache au saa moja hivi, upepo hurudi kutoka upande wa pili kwa nguvu ileile, na kuibomoa kuta iliyokwisha kudhoofika. Basi familia isitoke mpaka itakapotangazwa kwamba hatari imepita.

Usiku wa namna hiyo ni mrefu. Watoto watasikia sauti ambazo hawajapata kuzisikia, na mzazi hatakuwa na maelezo ya kutosha. Hapo maombi ya pamoja na nyimbo zilizojulikana tangu utoto zina kazi yake. Mtume Paulo, katika tufani iliyosimuliwa katika Matendo ya Mitume sura ya 27, aliomba, lakini pia aliwahimiza watu wale chakula ili wapate nguvu. Imani na mkate vilikaa katika mkono mmoja.

4. Baada ya upepo

Asubuhi ya utulivu ndipo jaribu la pili linapoanza, nalo hudumu miezi mingi. La kwanza ni maji. Kimbunga Idai kiliipiga Beira, Msumbiji, usiku wa kuamkia tarehe 15 Machi 2019; kabla mwezi huo haujaisha kipindupindu kilikuwa kimetangazwa. Visima vilivyoingiwa na mafuriko visinywewe kabla ya kutiwa dawa, na maji yachemshwe. Nyaya za umeme zilizoanguka zisiguswe. Barabara nazo hukatika: mvua za Hidaya ziliikata barabara ya Dar es Salaam hadi Lindi katika wilaya ya Kilwa, na nchi ya kusini ikatengwa kwa muda. Ghala la chakula lililo karibu lina thamani kuliko ahadi iliyo mbali.

La pili ni uchovu. Watu wa Mananjary, mashariki mwa Madagaska, katika nchi yenye ndugu Walutheri wengi, walipigwa na kimbunga Batsirai tarehe 5 Februari 2022. Kabla mwezi huo haujaisha, Emnati ikaipiga pwani hiyohiyo. Mwaka uliofuata, tarehe 21 Februari, Freddy ikaingia karibu na mji huo. Mtu anayejenga mara ya tatu hahitaji hotuba. Anahitaji misumari, mbao, na jirani atakayeishika ngazi.

La tatu ni haki. Baada ya upepo bei ya mabati hupanda, mipaka ya viwanja husogezwa, na mwenye sauti kubwa huandikwa kwanza katika orodha ya msaada. Mjane mwenye nyumba ya makuti huandikwa mwisho, ingawa ndiye aliyeanza kunyeshewa.

Hitimisho

Bwana Yesu, katika Mathayo sura ya 7, anazitaja nyumba mbili. Mvua ileile, mafuriko yaleyale na pepo zilezile zilizifikia zote mbili. Tofauti ilikuwa katika msingi. Msingi huo, kwa neno lake mwenyewe, ni kusikia na kutenda.

Kwa hiyo inafaa Kamati ya Diakonia, katika mwaka huu wa Jubilei, iziandike katika daftari nyumba zote za wajane, wazee na wagonjwa zilizo mabondeni. Vijana wa kila mtaa wapewe nyumba za kuzilinda kabla ya masika. Na jengo la kanisa litayarishwe kuwa kimbilio la watu wote wa mahali hapa, Wakristo kwa Waislamu. Tena iandikwe katika kumbukumbu za Baraza la Wazee kwamba, siku tufani itakapokuja, paa la kwanza kurudishwa halitakuwa la kanisa wala la nyumba ya mchungaji, bali la yule asiye na mtu wa kumjengea. Watakaoadhimisha miaka mia ya pili watalisoma azimio hilo, nao watajua kama lilitendwa.

Bwana na aibariki kazi ya mikono ya watu wake. Amina.