Kompyuta Yako Ndani ya Flashi

Wengi wetu tunafungua barua pepe kwenye mashine ya kukodi, Koboko au Arua. Ukiondoka, neno lako la siri linaweza kubaki humo, na anayekaa baada yako akasoma barua zako.

Flashi ya GB 8 inaweza kukusaidia. Kuna mfumo wa bure uitwao Tails, ulioanza mwaka 2009. Unawaka kutoka kwenye flashi bila kutumia Windows ya mashine, na ukizima hauachi alama. Kwenye simu haufanyi kazi.

Lakini sikiliza vizuri: kuuweka kunafuta kila kitu kilichomo kwenye flashi. Kama umetunza humo picha ya cheti cha mtoto au karatasi za usajili, zihamishe kwanza, kisha zifungue huko ulikozihamishia uone kama zinasomeka. Usiamini tu.

Faili linapatikana tails.net, nalo linazidi GB 1, basi lipakue penye waifai, bando litakwisha. Kulinakili kama wimbo hakutoshi; liandike kwa programu ya Rufus. Kisha zima mashine, chomeka flashi, washa ukibonyezabonyeza F12. HP nyingi zinataka Esc au F9. Mwombe ruhusa mwenye duka. Wengine watakataa, na mashine ni yao.

Ukitaka kutunza karatasi zako humo, washa hifadhi ya kudumu yenye neno la siri. Ukilisahau, hakuna fundi atakayeifungua.