Daraja Kubwa na Kalavati Dogo



Kabla ya mwaka 2003, msafiri wa Lindi na Mtwara alipofika Ndundu, ukingoni mwa Mto Rufiji, hakuwa na budi kungoja kivuko. Agosti mwaka huo likafunguliwa Daraja la Mkapa, lenye urefu upatao mita 970, na adha hiyo ikakoma.

Hata hivyo, Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipoleta mvua kubwa, barabara hiyo hiyo ilikatika wilayani Kilwa. Daraja kubwa lilisimama imara. Yaliyozolewa na maji ni makalavati, madaraja madogo na matuta ya barabara. Magari yakakwama kwa siku kadhaa, na Kusini ikatengwa.

Hapa pana fundisho. Sisi ni hodari wa kushangilia kikubwa kinapozinduliwa, lakini wazito wa kutunza kidogo. Kalavati halikatiwi utepe. Basi mtumishi anayeripoti mtaro ulioziba, ofisa asiyeiacha ripoti hiyo ilale mezani, na mwalimu anayewafundisha vijana kuvithamini vitu vya umma, wote wanalilinda Daraja la Mkapa. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.