Mbegu Si Chakula: Maneno kwa Wakulima wa Bustani Mwisho wa Msimu



Nimeombwa niseme juu ya mbegu. Mwaka 2017 wengi wetu tulivuka kutoka upande wa Pweto na Moba tukiwa na watoto na mabunda ya nguo. Mbegu zilibaki ghalani. Tulipokelewa hapa Kenani. Mwaka 2018 makazi ya Mantapala yakafunguliwa, wengi wakahamia huko kulima. Huko tulijifunza kwamba mvua ya Novemba haingoji mgao. Asiye na mbegu siku ile humtazama jirani akipanda. Kwa hiyo mbegu ya Novemba tuiweke sasa, bustani zikiwa bado na mazao.

Kwanza, chagua kabla ya kuvuna. Funga kitambaa kwenye shina bora la bamia, lengalenga au maharagwe, watoto wajue halichumwi. Mahindi chotara ya dukani usiyarudishe shambani, maana mwaka wa pili huzaa haba. Yale ya kienyeji hurudi vizuri.

Pili, kausha. Uma haragwe: jino likiacha alama, bado lina maji. Mbegu za nyanya zikae siku 2 au 3 katika maji yake mpaka ute uachie, kisha zioshwe na kuanikwa kivulini juu ya sahani.

Tatu, hifadhi. Changanya maharagwe na majivu makavu yaliyopoa na kuchekechwa, jaza chupa kavu mpaka shingoni, kaza kifuniko. Fukusi hatapata nafasi.

Nne, jaribu. Oktoba funga mbegu 10 katika kitambaa chenye unyevu. Zikiota 8, ni nzuri. Zikiota 5, panda nyingi zaidi shimoni. Chini ya hapo, tafuta nyingine.

Mbegu za dukani zilizopakwa rangi zina dawa. Ni sumu, hata ukiziosha, msizile.

Wamama, najua Januari, mtoto akilia njaa, ile chupa huita. Basi tuweke chupa mbili: moja nyumbani, nyingine kwa jirani, nawe umtunzie yake. Mali ya mwenzako ni vigumu kuipika, na nyumba ikiungua, nusu imepona.

Wageni wetu, mkileta mbegu, zitufikie kabla ya mvua, na mtuulize kwanza tunalima nini.