Uwekevu Usiomdhulumu Jirani



Katika Dominika ya 25 ya Mwaka C, Kanisa hutusomea kutoka Injili ya Luka, sura ya 16, habari za wakili dhalimu. Mdeni mmoja wa bwana wake alidaiwa vipimo mia vya mafuta, naye wakili akamwambia aandike hamsini. Baada ya mfano huo Bwana wetu anafundisha kwamba uaminifu hupimwa kwanza katika mambo madogo. Basi leo tutazame jambo dogo ambalo nalo lahusu mafuta: kubadilisha oili ya gari kwa mikono yetu wenyewe.

Wengi wetu tunaifanya kazi hii nyumbani ili kuokoa ujira wa fundi, na ni vema. Injini ndogo hutumia kiasi cha lita 4. Oili hulainisha vyuma visisagane, huvipoza, tena hubeba masizi na chembe za chuma. Ndiyo maana huwa nyeusi, na ndiyo maana haina budi kubadilishwa kwa wakati wake.

Lakini uwekevu ni fadhila, ubahili ni kilema, na hivyo viwili hufanana usoni. Mwekevu huipasha injini moto kidogo ili oili chafu itiririke yote. Huandika kilomita daftarini. Hutazama kijiti cha kupimia, asizidishe wala kupunguza. Bahili huacha chujio la zamani mahali pake, na oili safi huanza siku ile ile kupita katika uchafu wa jana. Hununua kopo la bei ya kutupa bila kuuliza limejazwa nini. Hulala chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake, kana kwamba uhai wake ni rahisi kuliko stendi imara. Usipoziba ufa, utajenga ukuta: aliyeokoa bei ya chujio huenda akanunua injini.

Liko jambo zito zaidi. Ile oili chafu huenda wapi? Mara nyingi humwagwa mtaroni, au uani ili kutuliza vumbi. Kazi imekwisha, wala hatukulipa hata senti. Naam, hatukulipa sisi. Mvua ikinyesha, oili hiyo hushuka kijitoni, na mama achotaye maji bondeni, asiye na gari wala baiskeli, ndiye alipaye deni letu. Hapo tumefanana na yule wakili: tumejipatia nafuu kwa mali ya mwingine. Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alitukumbusha kwamba kilio cha dunia na kilio cha maskini havitengani.

Basi tuikinge oili chafu katika beseni, tuimimine katika dumu lenye kifuniko, tusiichanganye na maji wala petroli, tuiweke mbali na watoto, kisha tuipeleke kwenye gereji inayokusanya oili iliyotumika. Nanyi makatekista, mnapoifundisha amri ya saba, kumbukeni kwamba Katekisimu ya Kanisa Katoliki inaweka chini ya amri hiyo pia heshima kwa viumbe. Litajeni dumu hilo bila haya.

Mungu aliyetukabidhi ardhi na maji atujalie kuweka akiba bila kumdhulumu mtu. Amina.