Nia Njema Peke Yake Haitoshi: Funzo la Mti wa Mathenge

(Mazungumzo na viongozi wa walei katika semina ya Haki na Amani)



Tumekutana leo kuzungumzia utunzaji wa mazingira. Huenda baadhi yenu mlitazamia tuwahimize kupanda miti. Tutawahimiza, lakini kabla ya kushika majembe, hatuna budi kujiuliza swali ambalo mara nyingi huachwa: tendo jema linapoleta madhara, ni nani anayebeba mzigo wake?

1. Yaliyotokea Baringo

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, nyanda za chini za Baringo, katika Bonde la Ufa nchini Kenya, zilikuwa katika hali ya kusikitisha. Ukame uliiacha ardhi tupu, malisho yakapungua, na kuni zikawa adimu. Serikali, ikisaidiwa na wafadhili wa nje, miongoni mwao Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO), ilileta mti wenye asili ya Amerika ya Kati na ya Kusini, ambao wananchi huuita mathenge. Uliteuliwa kwa sababu nzuri: huvumilia ukame, hukua upesi, hutoa kuni bora, hushika udongo, na majani yake hayapendwi na mifugo.

Mwanzoni mti ulitimiza ahadi. Kisha ukatoka nje ya mipaka uliyowekewa. Mbuzi na ng'ombe hula maganda yake matamu. Mbegu, kwa kuwa ni ngumu, hutoka salama katika mavi na kuota kila mahali mifugo inapopita. Mvua kubwa za El Niño za mwaka 1997 na 1998 zikazisambaza zaidi. Malisho ya kiangazi, mashamba na mapito ya kwenda majini yakageuka vichaka vya miiba, na chini ya vichaka hivyo nyasi hazistawi. Miiba hiyo hutoboa viatu na hata magurudumu ya magari. Sukari ya maganda huozesha meno ya mbuzi, na mbuzi asiye na meno hudhoofu na kufa hata penye majani.

Mwaka 2006 watu wa jamii ya Ilchamus, wanaoishi kando ya Ziwa Baringo, walifungua shauri katika Mahakama Kuu jijini Nairobi, na mbuzi kibogoyo akapelekwa huko kuwa ushahidi. Mtu wa mjini angeweza kucheka. Lakini kwa mfugaji mbuzi ni karo ya shule, ni maziwa ya mtoto, ni akiba ya siku ya ugonjwa. Mwaka 2008 serikali iliutangaza mti huo kuwa gugu haribifu.

2. Kosa lilikuwa wapi?

Hatusemi kwamba walioupanda walikuwa na nia mbaya. Shida waliyotaka kuiondoa ilikuwa ya kweli. Hata hivyo tunaona makosa matatu.

Kwanza, sifa za mti zilitazamwa upande mmoja. Nguvu ile ile iliyoufanya uchaguliwe ndiyo iliyoufanya usizuilike. Ukiukata juu ya ardhi, kisiki huchipua matawi mengi kuliko yale ya kwanza.

Pili, maisha ya wenyeji hayakupewa uzito wake. Mti ambao mbegu zake husafiri tumboni mwa mnyama uliletwa kwa watu ambao wanyama wao hutembea kutwa kucha. Wahenga walisema: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mafundisho ya Kanisa, tangu waraka wa Papa Pio XI wa mwaka 1931, yanashikilia kwamba jambo linaloweza kutendwa na jamii ndogo lisinyang'anywe na wakubwa. Kumwuliza mwenyeji si hisani. Ni haki yake.

Tatu, mradi ulikuwa na mwisho, lakini mti haukuwa na mwisho. Wafadhili walikwenda zao. Miiba ikabaki na wenyeji.

3. Dawa isiwe ugonjwa wa pili

Sasa wapo wanaosema: ung'olewe wote! Lakini miaka imepita, na zipo familia ambazo leo hupata riziki kwa mkaa, nguzo na asali ya mathenge. Maganda yakisagwa vizuri huwa chakula cha mifugo, na mbegu zilizosagwa haziwezi kuota. Tukipiga marufuku mkaa wote bila kubagua mti uliochomwa, tutamlinda mathenge na kumnyima maskini chakula. Tukiruhusu bila uangalizi, migunga yetu ya asili itachomwa na kuuzwa kwa jina la mathenge. Kwa hiyo hata urekebishaji unadai kusikilizana.

4. Na sisi je?

Tusinyoshee wengine kidole. Katika parokia moja tuliyoihudumia, tulipanda mikaratusi kando ya kijito. Mama mmoja mzee wa jumuiya alituonya kwamba miti ile inakunywa sana. Tulimshukuru, tukaendelea kupanda. Baada ya miaka michache kijito kilikuwa kikikauka kila kiangazi, na aliyetembea mbali na ndoo kichwani hakuwa padre. Alikuwa mama yule na wajukuu wake.

Jambo hili lina uzito leo. Desemba 2022 serikali ya Kenya ilizindua mpango wa kupanda miti bilioni 15 ifikapo mwaka 2032. Ni lengo jema, na miche itafika hata parokiani kwetu. Tuipokee kwa furaha, lakini tuulize: ni mti gani, unafaa mahali gani, nani atautunza, na ukileta hasara nani atawajibika? Mungu alipomweka mtu bustanini, alimpa kazi mbili, kulima na kutunza. Anayepanda na kuondoka amefanya nusu tu ya kazi hiyo.

Maswali ya kujadili katika Jumuiya Ndogo Ndogo

1. Je, katika eneo letu upo mradi wa mazingira ulioleta madhara yasiyotazamiwa? Ni nani aliyeumia zaidi?

2. Kabla ya kupanda miti mwaka huu, ni wazee, wafugaji na kina mama gani tunaopaswa kuwasikiliza?

3. Jumuiya yetu itamteua nani kufuatilia miti hiyo baada ya miaka mitano, na atatoa taarifa kwa nani?