Jibu la Kwanza Kizimbani



Nimeombwa nieleze njia anayopitia mshtakiwa mahakamani. Nitashika jambo moja: jibu lake la kwanza.

Katika miaka ya 1986 na 1987, Wakenya wengi waliodaiwa kuwa wafuasi wa Mwakenya waliteswa katika Jumba la Nyayo, kisha wakapelekwa mbele ya hakimu bila wakili. Wakakiri, wakafungwa. Walikuwa wamevunjwa kabla ya kuulizwa.

Leo Katiba ya 2010, vifungu vya 49 na 50, inatukinga. Aliyekamatwa sharti afikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kupita, au siku ya mahakama inayofuata iwapo muda huo umeisha mahakama zimefungwa. Ana haki ya kunyamaza, ya kuonana na wakili, na ya kupewa mkalimani bila malipo.

Lakini ngao isiyoinuliwa haimkingi mtu. Shtaka likisomwa, wengi hushauriwa: “Kubali yaishe.” Hayaishi! Kwa kawaida, aliyekiri hawezi kukata rufaa kuhusu hatia yenyewe, ila kuhusu ukubwa au uhalali wa adhabu, tena katika siku 14.

Mwaka wa 1973 Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki iliweka utaratibu. Shtaka lielezwe kwa lugha anayoielewa mshtakiwa, na maneno yake mwenyewe yaandikwe. Kisha kiongozi wa mashtaka asimulie yaliyotendeka, na mshtakiwa apewe nafasi ya kuyapinga. Akiyapinga, hakimu huandika kwamba amekana. Basi aliyekubali kwa hofu asinyamaze wakati huo.

Najua Mkristo ataniuliza: je, kukana si kusema uongo? La hasha. Kukana ni kumwambia anayekushtaki, “Thibitisha.” Sheria yenyewe imemtwika mzigo huo, wala si dhambi kumwachia aubebe. Baada ya kukana, omba dhamana, udai ushahidi utakaotumiwa dhidi yako, na uombe muda wa kutosha wa kujitayarisha.

Nanyi ndugu, msimwache mshtakiwa peke yake. Mtafutieni wakili, jitokezeni kuwa wadhamini, na mwende mkaketi mahakamani kesi inaposomwa, kwa maana milango yake i wazi kwa umma. Mtu akiwaona watu wake nyuma yake, hupata nguvu ya kusema, “Si kweli.”